Rufaa za Askari Wazee na Kalamu Zetu Makarani

Bwana Mtengenezaji,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu nieleze habari ya askari wazee wanaodai malipo ya ulemavu, wakakataliwa, kisha wakaambiwa kwamba wana ruhusa ya kukata rufaa na kuja kusikilizwa. Wako wenzetu watakaosema kuwa jambo hili halituhusu sisi tukaao mezani, maana sisi si mawakili wala si madaktari. Mimi nasema latuhusu kuliko watu wote, kwa sababu aghalabu mzee huyo hashindwi na sheria. Hushindwa na maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu.

Mwezi wa Juni alinijia mzee mmoja wa huku bondeni, jirani wa baba yangu mdogo, mkulima wa mpunga. Jina lake nalificha. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana wa mgambo kijijini, akachukuliwa pamoja na makumi ya maelfu ya mgambo wenziwe ili kuongeza nguvu ya jeshi letu. Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979 hakuwako, maana alikuwa amelazwa, kipande cha chuma kimemwingia gotini na sikio la kushoto limeziba kwa mshindo wa mizinga. Alirudi kwao akichechemea, akaoa, akalima, akanyamaza. Goti lilipokataa kabisa kukunjika ndipo wanawe walipomsihi aandike madai. Jibu likaja karatasi moja: hapana uthibitisho wa kutosha kwamba ulemavu huo umetokana na utumishi wake vitani. Kama hakuridhika, akate rufaa kabla ya siku fulani.

Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akaniambia, “Mwanangu, wewe umesoma misheni, hebu nisomee polepole. Hawa watu wananiita mwongo?”

Nikamsomea mara tatu. Barua haikumwita mwongo. Wala haikusema kwamba goti lake ni zima. Ilisema jambo moja tu, nalo ni kwamba kati ya vita na goti hapana daraja lililoonekana. Jamaa zake wote walikuwa wakijitayarisha kwenda kulionyesha goti, hata mmoja alikuwa amekwisha kumpiga picha akiwa amekunja suruali. Basi nikawaambia kuwa goti halikukanushwa na mtu, na kulipigania ni kupoteza mate. Nawaomba wenzangu wote waanze hapo, kwa barua ya kukataliwa, kabla ya kugusa kalamu. Mtu asomaye kwa hasira huona neno “hapana” peke yake, na sababu iliyo nyuma yake haioni.

Siku ya pili akaniletea sanduku lake la bati. Ndani nilikuta hati ya kuachiliwa jeshini iliyokatika pale ilipokunjwa, kadi ya hospitali iliyofifia wino, nakala ya fomu ya madai, na kitambulisho chake cha Taifa. Karatasi nyingine zilichukuliwa na maji mwaka 2024, Mto Lumemo ulipofurika ukaingia katika nyumba za watu hapa Ifakara. Mchwa nao wamekula sehemu yao. Hayo ni mambo ya Mungu, na mzee hana la kujibu. Lakini ndani ya zile nne zilizosalia nikaona mambo mawili ambayo si ya Mungu, ni yetu.

La kwanza ni jina. Katika hati ya jeshi limeandikwa kwa namna moja, katika kadi kwa namna nyingine, na katika kitambulisho kwa namna ya tatu; tuseme ni kama mtu aitwaye Athumani, mmoja akaandika Asumani, na mwingine akaandika Othman kwa kuwa aliona ndivyo watu waliosoma wanavyoandika. Mzee mwenyewe huitika yote matatu. Daftari haliitiki, lahesabu watu watatu.

La pili ni baya zaidi. Goti la mzee lililoumia ni la kushoto, kadi yasema la kushoto, na kovu liko kushoto. Fomu ya madai, iliyojazwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, yasema la kulia. Nilifikiri sana jinsi kosa hili lilivyopata kutokea, hata nikatambua kwamba karani alikaa akimkabili mzee, akaona goti analoonyeshwa liko upande wa mkono wake wa kulia, akaandika kulia. Hakumwuliza. Kwa neno moja hilo, mtu yeyote asomaye jalada ataona kwamba mdai anadai goti ambalo hospitali haikupata kuliona.

Simcheki ndugu huyo. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili wa kazi, niliandika mwaka wa kifo cha mume wa mama mmoja kwa kukosea tarakimu moja, na mama yule akasafiri mara mbili kwa ajili ya tarakimu ile, nauli kwa fedha ya kukopa. Aliporudi mara ya pili alinisalimu kwa adabu kabisa, akaniletea ndizi. Sijui kama alijua kwamba kosa lilikuwa langu. Sikumwambia, na ndizi nikazila.

Nadhani ni vema tukumbuke kwamba haya si mageni katika bonde hili. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalipita huku na huku juu ya nchi yetu; mwaka 1916 walipigana Mkapira, kwenye Mto Ruhuji, na mwezi wa Oktoba 1917 Wabelgiji wakaingia Mahenge. Kila jeshi lilibebewa mizigo na wapagazi, nao walikufa kwa njaa na maradhi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo pale Dar es Salaam umepewa jina kwa ajili ya jeshi la wapagazi wa Waingereza. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikulipwa kwa jamaa zao, na sababu moja iliyotolewa ni kwamba warithi hawakuweza kujulikana. Na wangejulikanaje, ikiwa mtu alitwaliwa shambani mwake, akaandikwa jina la kwanza tu, au jina la kijiji, au jina la utani aliloitwa na mwenziwe aliyesimama nyuma yake katika mstari? Mtu alikufa mara moja porini, akafa mara ya pili katika daftari.

Vita vya pili viliwachukua Watanganyika wapatao 87,000, wengi wao wakiwa Keya, wakapigana Uhabeshi, Madagaska mwaka 1942, na Bama mwaka 1944 na 1945. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya hati ya zamani iliyoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mzungu kilizidi cha Mwafrika wa cheo kile kile hata mara tatu. Lakini hiyo ni dhuluma ya waliopanga viwango. Mimi leo nasema juu ya dhuluma ya wanaoandika vibaya, ambayo haina amri kutoka juu, na kwa hiyo haina mtu wa kumshitaki.

Iko hadithi moja inayosimuliwa juu ya askari wa Wajerumani. Yasemwa kwamba karibu na mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliosalia, ikamtuma mtu wa benki hata Mwanza. Wazee mamia wakaja, lakini wenye vyeti walikuwa wachache mno. Basi yule mtu akampa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani aishike kama bunduki, begani, mkononi, chini. Wasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Mimi sijui kama mambo yalikwenda hivyo barabara, ila nalipenda jambo lililomo: kwamba palipokosekana karatasi, mtu wa ofisi alitafuta kitu kingine ambacho mwongo hawezi kuwa nacho. Nasi tutafute fagio la kila mzee.

Fagio la mzee wangu tulilipata kwa bahati. Kadi ya hospitali ilikuwa imefifia pale penye tarehe, mwaka haukusomeka, bali maneno “goti la kushoto, jeraha la zamani” yalisomeka vema. Nikamwuliza alilazwa mwaka gani. Akasema hakumbuki miaka, yeye hakusoma. Nikamwuliza, siku zile kulitokea nini katika nchi? Akafikiri, akasema, “Nilikuwa wodini redio ilipotangaza kwamba Sokoine amekufa. Wauguzi walilia. Daktari akaondoka bila kumaliza vitanda.” Edward Sokoine alikufa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, katika mkoa wetu wa Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Basi tukawa na tarehe. Miaka mitano tu baada ya vita, mtu asiyekuwa na nia ya kudai fedha yoyote alilazwa kwa goti lile lile, na mgeni asiyemjua akaandika kwamba jeraha ni la zamani. Hilo ndilo daraja lililokosekana, nalo lilikuwa ndani ya sanduku siku zote.

Kwa hiyo msimwulize mzee mwaka. Mwulizeni alikuwa na watoto wangapi, reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kupita au bado, mpunga ulikuwa umefika wapi, nani alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Kisha ninyi mlio na kalenda tafuteni mwaka wenyewe, na mwandike pia jinsi mlivyoupata, ili wasikilizaji wasidhani mmeubuni.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonitaabisha kuliko yote, nalo ni adabu yetu. Tulifanya mazoezi Jumapili chini ya mwembe, mimi nikiwa mwenyekiti wa baraza na mpwa wake akiwa daktari. Nikaanza, “Hujambo, mzee?” Akajibu, “Sijambo, mwanangu.” Nikauliza, “Na mguu je?” Akajibu, “Alhamdulillahi, haujambo, twaenda nao hivyo hivyo.” Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, baba, umekwisha kushindwa.

Alishangaa kweli. Amelelewa kwamba mtu mzima hamwagi shida zake mbele ya asiyemjua, na kwamba ukiulizwa hali wajibu heri kwanza, hata kama una maiti ndani. Nasi sote tumelelewa hivyo. Lakini fikirini, mara ngapi amekwenda zahanati kwa miaka arobaini na zaidi, akaulizwa hujambo, akasema sijambo, na mwandishi akaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko? Heshima yake yote imegeuka ushahidi juu yake. Ikatupasa kumfundisha kwamba salamu ina mlango wake na ushahidi una mlango wake. Wakikusalimu, itikia kama ulivyofundishwa na mama yako. Kisha wakikuuliza juu ya mguu, hapo hawakusalimu tena. Wanakuuliza kazi, nawe wajibu kazi. Tulirudia jambo hili Jumapili tatu. Mara ya tatu alisema: “Siwezi kuchuchumaa. Siwezi kusimama majini kupandikiza mpunga zaidi ya muda wa kuchemsha chai. Naswali juu ya kiti tangu mwaka ule tulipoezeka msikiti bati jipya.” Jamaa wa msikitini wote wanaujua mwaka huo, na mmoja wao ndiye aliyemtengenezea kiti.

Wako watu wa pembeni waliomshauri vingine. Mmoja alimletea fimbo ya kuazima, akamwambia aingie akiinama, ahesabu hatua, aanguke kidogo mlangoni. Fimbo hiyo hatembei nayo hata siku moja. Nilimrudishia mwenyewe kwa mkono wangu. Siyo kwamba mimi ni mtakatifu kuliko wengine, ila najua kwamba watu wanaosikiliza rufaa wameona fimbo nyingi za kuazima, na wakiitambua moja hawatasadiki tena wala kovu wala kadi wala Sokoine. Tena mzee ana siku njema na siku mbaya, naye aseme zote mbili. Wakati wa kiangazi huenda mpaka sokoni kwa miguu. Wakati wa masika hulala na goti likiwa kama jiko. Mtu asemaye siku zote ni mbaya, siku moja ataonekana sokoni.

Juu ya daktari sina mengi. Wengi huomba cheti kinachosema kwamba mgonjwa ana maumivu ya goti, na daktari huandika hivyo, maana ndivyo alivyoombwa. Cheti hicho chathibitisha jambo ambalo hakuna aliyelibisha. Mpelekeeni daktari karatasi zote, hati ya jeshi na kadi ya zamani, mkamwombe ajibu swali moja: je, kwa kadiri ya elimu yake, ni yamkini kwamba goti hili limeharibika kwa sababu ya jeraha lile, au lina sababu nyingine? Kama hawezi kusema ndiyo, msimlazimishe.

Neno hili “yamkini” lina historia ambayo huenda ikawapendeza wenzangu wapendao sheria. Mwaka 1943 Waingereza walitunga sheria ya mabaraza ya kusikiliza rufaa za pensheni za askari wao. Mwaka 1947 mama mmoja mjane alidai kwamba saratani ya koo iliyomwua mumewe ilitokana na utumishi wake wa jeshi, na shauri lake likafika kwa Jaji Denning. Katika hukumu hiyo, ijulikanayo kwa jina la Miller na Waziri wa Pensheni, jaji alieleza vipimo vya ushahidi: kwamba katika jinai hatia ithibitike hata pasiwe na shaka ya maana, lakini katika madai mengine yatosha ikiwa jambo laelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na mizani ikikaa sawasawa, mwenye kubeba mzigo wa kuthibitisha ameshindwa. Mahakama zetu hapa Tanzania huitaja hukumu ile hata leo, hata katika mashauri ya wezi na wauaji. Wachache hukumbuka kwamba ilizaliwa kwa ajili ya pensheni ya askari. Na mjane yule, nasikitika kusema, alishindwa.

Imebaki habari ya shahidi. Mwenziwe mmoja aliyekuwa naye katika kikosi yuko hai upande wa Malinyi. Zamani kumfuata mtu huyo wakati wa masika ilikuwa kungojea kivuko na kumwomba Mungu. Siku hizi kuna daraja juu ya Mto Kilombero, na basi lapita. Nilikwenda kumwona. Alitaka kunieleza vita vyote tangu Kagera hata mpaka wa Sudani, naye asimulia vizuri mno, nami nilikaa mpaka jioni. Lakini nilipoandika maelezo yake niliandika mistari sita tu: kwamba walikuwa pamoja, mahali fulani, kwamba alimwona akianguka, kwamba alimsaidia kumpandisha garini, kwamba damu ilitoka goti la kushoto. Mengine aliyoyasikia kwa watu sikuyaandika, ingawa alikunja uso. Jina la mzee aliloapa nalo tukaliandika kwa namna zote tatu, na mzee naye akaapa kiapo kwamba majina matatu hayo ni ya mtu mmoja. Fomu yenye goti la kulia hatukuificha wala hatukuifuta. Tumeandika barua ya ukurasa mmoja kuieleza, na kuomba isahihishwe.

Wenzetu wengine wataniuliza kazi hii nimeifanya saa ngapi na kwa malipo gani. Nimeifanya baada ya saa za kazi, kwa malipo ya kuku mmoja ambaye sikuthubutu kumkataa. Nao wafikiri kidogo juu yao wenyewe. Tangu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipoanza mwaka 2015, chini ya sheria ya 2008, mtumishi aumiaye kazini naye huulizwa yale yale: lini, wapi, nani aliona, daktari amesemaje. Dereva wetu aangukaye na gari njia ya Mlimba, au mhudumu aangukiwaye na rafu ya majalada, atataka jina lake liwe moja katika karatasi zote, na goti lake liwe upande ule alioumbiwa na Mungu.

Mzee atasikilizwa mwezi ujao. Hatujui watasema nini. Karatasi zake ziko katika jalada moja, zimefungwa kwa uzi, nakala ya pili iko kwangu, na ya tatu iko kwa mwanawe anayekaa nyumba isiyofikiwa na maji. Jambo moja bado hatuna, nalo ni orodha ya mgambo waliochukuliwa kutoka vijiji vya bonde hili mwishoni mwa mwaka 1978. Yawezekana nakala iko katika masjala ya kata au tarafa fulani, chini ya madaftari ya kodi, hakuna aliyeigusa. Ndugu zangu wa Malinyi, Mahenge, Mlimba, Mang'ula na Kiberege, tafadhali tazameni katika rafu zenu za chini. Mkiiona, msiitume kwa posta. Nipeni habari kwa Katibu wa tawi, nami nitakuja kuinakili mwenyewe, jina kwa jina kama yalivyoandikwa.

Wasalaam,

Mimi mwenzenu,
Karani wa Masjala, Ifakara